Fani Kuu Mbili au Moja? Kupima Nafasi ya Udahili na Kuchagua Njia katika Vyuo vya Marekani

Fomu za maombi za vyuo vingi vya Marekani zina kisanduku cha fani ya kwanza na kisanduku cha fani ya pili. Waombaji wengi huvijaza vyote wakidhani wameomba kusoma fani kuu mbili. Sivyo. Kisanduku cha pili kwa kawaida ni cha akiba: fani ya kwanza ikijaa, faili lako linapelekwa kwenye ya pili. University of Illinois Urbana-Champaign hufanya hivyo, na baadhi ya kampasi za University of California huuliza fani mbadala kwa maana hiyohiyo. Aliyeandika sayansi ya kompyuta juu na uchumi chini anaweza kupokea barua ya kumkubali kwenye uchumi peke yake, na kompyuta akaishia kuisikia kwa wenzake miaka yote minne.

Ndiyo maana hatutenganishi swali la "nina nafasi gani?" na lile la "nisome fani moja au mbili?" Majibu yote mawili yanategemea mlango ambao chuo hupokelea wanafunzi, na milango ya ndani iko wazi kiasi gani ukishaingia. Fani ya kwanza uliyoijaza inaweza kubadilisha nafasi yako mara tano au sita. Ya pili, kwa vyuo vingi, haiongezi chochote.

Milango mitatu

Mlango wa kwanza ni wa chuo kizima. MIT, Yale, Harvard na Brown hupokea mwanafunzi chuoni, halafu fani inachaguliwa baadaye: MIT baada ya mwaka wa kwanza, wengine mwaka wa pili. Vyuo vidogo vya sanaa na sayansi kama Amherst na Bowdoin ni hivyo pia. Ukiandika kwamba unapenda fizikia, wasomaji wa faili wataangalia kama insha zako, masomo yako na shughuli zako zinaendana na hilo, lakini hakuna kiti cha fizikia kinachogombewa. Hapa kiwango cha udahili kinachotangazwa kinakuhusu wewe moja kwa moja, angalau kama pa kuanzia.

Mlango wa pili ni wa shule ndani ya chuo. Cornell, University of Pennsylvania, Northwestern na Columbia wanataka ueleze unaomba shule ipi: uhandisi, biashara, sanaa na sayansi, na kadhalika. Ndani ya shule uliyopewa, kuongeza fani au kubadilisha si kazi kubwa. Kuruka kutoka shule moja kwenda nyingine ndiko kwenye masharti ya alama na nafasi chache.

Mlango wa tatu ni wa fani yenyewe, na hapa ndipo watu huumia. Kwa waombaji wa 2023, sayansi ya kompyuta pale Illinois ilikubali chini ya asilimia 10, ilhali chuo kizima kilikubali zaidi ya asilimia 40. Mtu anayesoma ile asilimia 40 na kujipa moyo anasoma namba ya watu wengine. University of Washington kule Seattle huwapa wengi wa wanafunzi wake wa kompyuta nafasi hiyo tangu siku ya udahili, na shule husika huwaonya wazi waombaji wasitegemee kuhamia baadaye. Berkeley nayo ilifunga njia yake ya zamani. Hapo awali mwanafunzi wa Letters and Science, kitivo chake cha sanaa na sayansi, angeweza kuingia chuoni, afaulu masomo ya awali kwa GPA (wastani wa alama, kwa kawaida juu ya 4.0) ya 3.3, kisha atangaze kompyuta kuwa fani yake. Kuanzia waliodahiliwa 2023, nafasi hizo hutolewa wakati wa udahili.

Kuna ujanja unaosambazwa sana: omba fani isiyogombewa, tuseme Kilatini, kisha hamia kompyuta ukifika. Ukiupitisha kwenye milango mitatu unaona haufai popote. Kwenye mlango wa kwanza hauna faida, kwa sababu fani haikupi kiti. Kwenye mlango wa tatu unakuingiza na kukufungia nje ya kile ulichokitaka. Na faili la kijana mwenye miaka mitatu ya roboti anayedai ghafla kupenda Kilatini halihitaji msomaji mwerevu sana kulishtukia.

Kupima nafasi bila kujidanganya

Chanzo kizuri ni waraka unaoitwa Common Data Set, ambao vyuo vingi huuweka wazi kila mwaka. Andika jina la chuo na maneno hayo matatu kwenye mtandao na kwa kawaida utaupata. Ni mrefu na unachosha. Sehemu zinazokuhusu ni chache.

Sehemu ya C1 ina idadi ya walioomba na waliokubaliwa. C7 ina jedwali la vigezo, kila kimoja kikiwa kimepewa uzito: muhimu sana, muhimu, huzingatiwa, hakizingatiwi. C9 ina alama za SAT na ACT, mitihani ya kuombea vyuo, za walioingia, kwa kiwango cha asilimia 25, 50 na 75, yaani alama ambayo asilimia hiyo ya walioingia wako chini yake. C21 ina maombi ya mapema. H6 ina msaada wa ada unaotolewa kwa wanafunzi wasio raia wala wakazi.

Chukua mfano wa kubuni. C1 inasema walioomba ni 20,000 na waliokubaliwa 2,000, yaani asilimia 10. C21 inasema kwa mpango wa Early Decision waliomba 2,500 wakakubaliwa 600, yaani asilimia 24. Sasa toa: waliobaki ni waombaji 17,500 na nafasi 1,400. Hiyo ni asilimia 8. Anayeomba Januari anacheza na 8, si 10. Wala anayeomba mapema asijihesabie 24 nzima, kwa sababu ndani ya lile kundi la 600 mna wanamichezo walioitwa na makocha na wengine ambao nafasi zao zilikuwa na sababu nyingine.

Kumbuka pia kwamba Early Decision ni ahadi. Ukikubaliwa unafuta maombi mengine yote, na kinachoweza kukutoa ni msaada wa ada usiotosha. Anayehitaji kulinganisha ofa za fedha asiingie humo kwa pupa. Early Action haimfungi mtu. Zote mbili kwa kawaida hufungwa Novemba 1 au katikati ya mwezi huo, na majibu mengi hutoka Desemba.

Alama za C9 zina mtego wake. Chuo kinapomwacha mwombaji aamue mwenyewe kutuma SAT au kutotuma, wanaotuma ni wale wenye alama nzuri, na kiwango kinachoandikwa kinapanda. Kuwa kwenye 25 ya chuo cha aina hiyo si sawa na kuwa kwenye 25 ya MIT, ambako mtihani ulirudishwa kuwa lazima mwaka 2022. Kampasi za University of California haziangalii SAT wala ACT kabisa katika udahili, kwa hiyo huko ni matokeo ya darasani na majibu manne ya maneno 350 kila moja yanayobeba mzigo.

Kwa anayeomba kutoka nje ya Marekani na anahitaji msaada wa ada, H6 ina uzito kuliko asilimia zote zilizotangulia. Tuseme inaonyesha wanafunzi 80 wa kimataifa wanaopata msaada, wastani wa dola 52,000 kila mmoja. Hao 80 wamesambaa miaka minne, kwa hiyo kwa mwaka ni kama 20. Nafasi unazogombea ni hizo 20, dhidi ya dunia nzima. Vyuo vingi huangalia uwezo wa kulipa wa mwombaji wa kimataifa wakati wa kuamua. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin ni miongoni mwa vichache visivyofanya hivyo, lakini ni vyuo vigumu kuingia kwa yeyote.

Hesabu nyingine inayowapotosha watu: "Nikiomba vyuo kumi vyenye asilimia 5 kila kimoja, nina asilimia 40 ya kupata angalau kimoja." Kwa karata ni kweli. Kwa maombi si kweli, kwa sababu ni faili lilelile linalokwenda kote kumi. Insha dhaifu ni dhaifu kila mahali, na pengo la hisabati litaonekana na kila msomaji. Common App, fomu moja ya maombi inayotumwa kwa vyuo vingi, inaruhusu vyuo 20. Kuijaza yote kwa vyuo vya bahati nasibu hakuongezi unachodhani, bali kunakula muda wa insha za ziada ambazo kila chuo kinadai. Orodha inayofanya kazi ina vyuo kama kumi: vitatu vya kujaribu, vinne vinavyolingana nawe, na vitatu ambavyo alama zako zimezidi ile ya asilimia 75 na fedha zake unaziona. Chuo usichoweza kulipa usikiite cha uhakika hata kama kinakubali kila mtu.

Na pale ambapo chuo kina mlango wa tatu, kipange kwa fani na siyo kwa jina. Chuo kimoja kinaweza kuwa cha kujaribu kwa kompyuta na cha uhakika kwa historia.

Njia tano, kwa krediti

Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120 kwa vyuo vya mihula miwili, na 180 kwa vile vinavyogawa mwaka kwa robo. Masomo ya uhandisi mara nyingi huzidi hapo, hadi 128 au karibu na hizo. Somo moja la muhula ni krediti 3 au 4. Muhula wa kawaida una krediti 15.

| Njia | Krediti | Unachoondoka nacho | Kinachokwamisha |
|---|---|---|---|
| Fani kuu moja, masomo ya hiari yakipangwa vizuri | 120 | Shahada moja | Hakuna jina rasmi la eneo la pili |
| Fani kuu na fani ndogo | 120. Fani ndogo 15 hadi 21 ndani yake | Shahada moja, fani ndogo kwenye rekodi ya matokeo | Karibu hakuna |
| Fani kuu mbili | 120 hadi 135 | Shahada moja yenye fani mbili | Ratiba kugongana, masomo kutohesabika mara mbili |
| Fani unganishi | 120 hadi 130 | Shahada moja, fani moja iliyosukwa | Zipo vyuo vichache |
| Shahada mbili | 150 au zaidi | Vyeti viwili | Mwaka wa tano na ada yake |

Njia mbili za mwisho kwenye jedwali huchanganywa na fani kuu mbili kila siku. Shahada mbili ni pale unapotimiza masharti ya shahada mbili kamili, mara nyingi kutoka shule mbili tofauti. Vyuo vingi vinataka angalau krediti 30 juu ya zile za shahada ya kwanza. Brown na Rhode Island School of Design wana mpango wa pamoja wa miaka mitano. Pale University of Pennsylvania kuna mpango wa Jerome Fisher unaounganisha uhandisi na Wharton, shule yake ya biashara. Mipango ya aina hii huombwa tangu mwanzo kwa insha yake ya ziada, na hapo ndipo kutaka mambo mawili kunaingia kweli kwenye uamuzi wa udahili, kwa kuifanya nafasi yako iwe nyembamba zaidi. Angalia kama fomu inakuruhusu kutaja shule moja ya akiba endapo mpango hautakuchukua, na uitaje.

Fani unganishi ni njia ambayo waombaji wengi hawajui ipo. Illinois wana mfululizo wa fani zinazounganisha kompyuta na uwanja mwingine, kama isimu, falsafa, anthropolojia au sayansi ya mimea. MIT wana fani inayounganisha kompyuta, uchumi na sayansi ya data. Yale wana kompyuta na uchumi, kompyuta na saikolojia. Walioziunda wameshatoa masomo yanayorudiana na kupanga ratiba isigongane. Kama fani zako mbili zina muungano rasmi kwenye chuo unachokitaka, huo ndio wa kuangalia kwanza, kabla hujafikiria kuziunganisha kwa mikono yako.

Hesabu moja kwa karibu

Tuchukue kompyuta na uchumi kwenye chuo cha krediti 120. Masomo ya msingi ya jumla ni 36. Kompyuta ni 54, ndani yake mkiwa na kalkulasi 8 na takwimu 3. Uchumi ni 36, ndani yake mkiwa na masomo mawili ya utangulizi 6, kalkulasi 4 na takwimu 3.

Ukijumlisha tu unapata 126, na wengi huishia hapo wakikata tamaa. Lakini masomo yanaingiliana. Utangulizi wa uchumi 6 unajaza nafasi ya sayansi ya jamii kwenye masomo ya jumla, na kalkulasi 4 inajaza nafasi ya hisabati, kwa hiyo yale 36 yanabaki 26. Kalkulasi na takwimu za uchumi, jumla 7, zimeshachukuliwa upande wa kompyuta, kwa hiyo uchumi unaongeza 29. Jumla: 26, 54 na 29, ni 109. Zinabaki 11 za kuvuta pumzi. Inawezekana kwa miaka minne.

Sasa badilisha kanuni moja tu. Chuo kikikataa somo moja kuhesabika kwenye fani zote mbili, zile 7 inabidi uzijaze kwa masomo mengine ya uchumi. Unafika 116. Ukifeli somo moja, au ukakosa nafasi kwenye somo moja muhula mmoja, umeanguka. Kanuni hiyo ndogo, iliyoandikwa kwenye ukurasa ambao hakuna anayeusoma, ndiyo inayoamua. Yale wanaruhusu masomo mawili tu kuingiliana kati ya fani mbili. Princeton hawaruhusu fani kuu mbili kabisa. Wana fani ndogo. Harvard waliruhusu fani mbili zisizounganishwa mwaka 2022, na kabla ya hapo njia ilikuwa ile ya pamoja, yenye tasnifu inayounganisha nyanja zote mbili. Mtu anayeota fani kuu mbili na kuiweka Princeton juu ya orodha yake hajasoma.

Weka uhandisi mitambo badala ya uchumi. Uhandisi mitambo na kompyuta vinashiriki kalkulasi, fizikia na programu ya utangulizi, basi. Kila kimoja kina mnyororo wake wa masomo ambamo la pili haliwezi kusomwa kabla ya la kwanza: fizikia, halafu mizani ya nguvu, halafu mwendo, halafu mashine, upande wa pili programu, miundo ya data, algoridhimu, mifumo. Minyororo miwili ya mihula sita au saba haiwezi kuanza mwaka wa pili na kuisha mwaka wa nne bila kupasuka mahali. Hapa krediti si tatizo la kwanza. Mpangilio ndio tatizo. Fani moja na fani ndogo inampa mtu huyo karibu kila anachotafuta.

Mambo yanayoharibika, na sababu zake

Somo linalofundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka ndilo adui mkubwa. Masomo mawili ya aina hiyo, kila moja la fani yake, yakiwekwa saa moja ileile ya Jumanne, moja linasubiri mwaka mzima. Maabara za saa tatu huzidisha tatizo. Hakuna mshauri wa fani moja anayeangalia ratiba ya fani nyingine. Kazi hiyo ni ya mwanafunzi.

Usajili nao una ngazi. Idara nyingi huwapa nafasi kwanza waliotangaza fani, na waliobaki hugombea viti vilivyosalia. Anayechelewa kutangaza fani ya pili hujikuta nyuma ya foleni ya masomo yaleyale anayoyahitaji.

Mzigo wa krediti 18 kwa muhula ni mpaka wa kawaida. Kuuvuka kunahitaji kibali, na baadhi ya vyuo hutoza zaidi. Watu hupanga 18 kwa mihula minne mfululizo kwenye karatasi na kuona imekaa vizuri. Kisha GPA inashuka kutoka 3.8 hadi 3.3, na shahada yenye fani mbili na 3.3 mara nyingi ni dhaifu kuliko yenye fani moja na 3.8, hasa kwa anayetaka kuendelea na masomo ya juu.

Miradi ya mwisho miwili. Fani nyingi zinadai tasnifu au mradi mwaka wa nne. Uliza mapema kama mmoja unaweza kutosheleza zote. Baadhi hukubali, kwingine jibu ni hapana.

Msaada wa ada mara nyingi umepangwa kwa mihula minane. Wa tisa ni wako kulipa. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1, kuna nyongeza: tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye I-20, fomu ya chuo inayoonyesha muda wa masomo yako, lazima iongezwe kabla haijapita, kwa sababu za kitaaluma zinazokubalika, na uonyeshe fedha za muda huo wa ziada. Ni afadhali kuijua kanuni hii mwaka wa kwanza kuliko Aprili ya mwaka wa nne.

Kwa mwenye F-1, fani ya pili inaweza kuwa na thamani isiyo ya kitaaluma

Baada ya shahada, mwenye F-1 anaweza kufanya kazi inayohusiana na fani yake kwa miezi 12 chini ya OPT, kibali cha kazi ya mafunzo. Kama fani yake iko kwenye orodha ya serikali ya fani za STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), anaweza kuomba miezi 24 zaidi. Anayesoma fani kuu mbili anaweza kutumia ile ya STEM, mradi imeandikwa kwenye kumbukumbu zake na kazi anayoifanya inahusiana nayo moja kwa moja. Fani ndogo haihesabiki hapa, hata iwe ya hisabati. Hii ndiyo hali ambayo fani kuu mbili inazidi kwa mbali fani moja na ndogo: mtu wa historia anayeongeza takwimu kama fani kuu anapata miezi 36 badala ya 12, mradi kazi yenyewe iwe ya takwimu.

Lakini kabla ya kuongeza fani nzima kwa ajili hiyo, angalia namba ya uainishaji ya fani uliyonayo. Uchumi wa kawaida hutumia namba 45.0601, ambayo haiko kwenye orodha ya STEM. Uchumi wa kiasi na ekonometriki ni 45.0603, nao upo. Baadhi ya idara zina matoleo yote mawili yakitofautiana kwa masomo mawili au matatu ya hisabati. Masomo matatu ni mepesi kuliko fani kuu ya pili.

Nani achague ipi

Anayelenga uzamivu wa uchumi anahitaji hisabati nyingi: aljebra ya mstari, nadharia ya uwezekano, na somo la kuthibitisha misingi ya kalkulasi. Kamati zitasoma masomo hayo kwenye rekodi, kwa hiyo fani ndogo ya hisabati, au masomo hayo bila jina lolote, yanatosha kama alama ni nzuri. Kama masharti yaliyobaki ya fani kuu ni masomo mawili tu, yamalizie. Kama ni sita, achana nayo.

Anayelenga udaktari wa tiba asome sentensi hii mara mbili: tiba Marekani si fani ya shahada ya kwanza. Ni orodha ya masomo ya biolojia, kemia ya jumla, kemia ya kaboni, fizikia na biokemia pamoja na maabara, juu ya fani yoyote ile. Fani kuu mbili juu ya orodha hiyo ni mzigo wa tatu, na GPA ndiyo itakayolipa. Fani moja unayoipenda inatosha.

Lugha na fani nyingine yoyote ni mchanganyiko unaokaa vizuri, kwa sababu lugha haina mnyororo mrefu na muhula wa kusoma ng'ambo unahesabika. Hisabati na fizikia, hisabati na kompyuta, hivyo huingiliana kiasi kwamba fani ya pili huja kwa masomo sita au saba. Muziki wa kupiga na uhandisi ni safari nyingine: huo ni mpango wa shahada mbili, miaka mitano, na majaribio ya kupiga chombo mbele ya kamati.

Ambaye hana hakika ya fani hata moja aweke vyuo vya mlango wa kwanza juu ya orodha, hata kama asilimia zake zinatisha zaidi, na kwa upande wa uhakika atafute vyuo ambavyo kubadilisha fani kunahitaji fomu moja tu.

Ratiba ya kufanya hivi

Kabla ya Agosti 1, siku Common App ya mwaka mpya inapofunguka, fungua karatasi ya safu tano kwa kila chuo: aina ya mlango, kiwango cha udahili cha fani kama kinatangazwa, kanuni ya masomo kuingiliana, sharti la kuongeza fani ya pili baada ya kuingia, na namba za H6. Safu ya nne ndiyo ngumu. Iko kwenye ukurasa wa idara, si wa udahili. Tafuta maneno yanayohusu wanafunzi waliomo chuoni wanaotaka kutangaza fani. Ukiona neno la kuomba badala ya kutangaza, ujue kuna kamati na kuna watakaokataliwa.

Septemba, chukua vyuo vinne vya juu na uandike mpango wa mihula minane kwa fani zako mbili, somo kwa somo, ukitumia orodha ya masomo ya chuo. Inachukua saa mbili kwa chuo. Ukishindwa kuufikisha mwisho bila muhula wa krediti 19, jibu umelipata. Kama una matokeo ya mitihani ya sekondari kama AP, IB au A-Level, angalia chuo kinayapa krediti ngapi kabla ya kuyahesabu. Vingine hukupa muhula mzima, vingine hukuruhusu tu kuruka somo la utangulizi bila krediti yoyote.

Kwenye insha ya kwa nini chuo hiki, taja fani moja kwa uzito na ya pili kama swali linaloizunguka ya kwanza. Maneno ya "nataka kusoma kompyuta na uchumi kwa sababu vyote ni muhimu" yamesomwa mara nyingi mno. Somo moja la ngazi ya juu, kwa jina lake kutoka orodha ya chuo, lenye tatizo unalotaka kulifanyia kazi, lina nguvu kuliko majina mawili ya fani.

Barua za majibu zikifika, una hadi Mei 1 kujibu vyuo vingi. Kabla ya kulipa amana, mwandikie mshauri wa idara ya fani ya pili swali moja: mwaka jana wangapi waliomba kuongeza fani hii wakiwa ndani ya chuo, na wangapi walikubaliwa?